Uzito Mizani Inaupima, Mafuta Inayakadiria

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu ya mazoezi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa wale walioniomba waisome tena kwa utulivu.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana wa mbio za alfajiri: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Kamati imeniomba nizungumze, kama afisa lishe na kama mwanachama mwenzenu, juu ya mizani mpya iliyonunuliwa kwa michango yetu, ile mizani janja ya kioo ambayo mtu akiipanda peku huonyesha uzito wake papo hapo, kisha hupeleka kwenye simu orodha ndefu ya takwimu: asilimia ya mafuta, kilo za misuli, maji, mifupa, na hata kile inachokiita umri wa mwili. Mbele yenu, katika ajenda ya nne, kuna pendekezo kwamba zawadi ya mwaka huu apewe mwanachama ambaye asilimia yake ya mafuta itashuka kuliko ya wengine wote ndani ya wiki 12, kwa kipimo cha mizani hiyo. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba napinga pendekezo hilo, na ninaomba mnisikilize sababu zangu kabla ya kupiga kura.

Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa Ramadhani, dada mmoja aliingia ofisini kwangu ameshika simu mkononi kama mtu aliyeletewa barua ya msiba. Alikuwa na mizani ya aina hii nyumbani. Jumatatu asubuhi, kabla hajaanza siku yake, mizani ilimwambia ana kilo 71 na mafuta asilimia 34.1. Alhamisi, dakika chache kabla ya futari, ikamwambia ana kilo 70.1 na mafuta asilimia 36.8. Akaniuliza, machozi yakimlengalenga: mimi nafunga, nimepungua karibu kilo nzima, haya mafuta yameongezeka kutoka wapi?

Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Asilimia 34.1 ya kilo 71 ni kilo 24.2. Asilimia 36.8 ya kilo 70.1 ni kilo 25.8. Kwa hiyo mizani ilikuwa inadai kwamba mwanamke huyu, ndani ya siku tatu za kufunga, ameongeza kilo moja na nusu na zaidi ya mafuta. Ndugu zangu, ili mwili ujenge mafuta kiasi hicho unahitaji zaidi ya kilokalori 12,000 juu ya zile unazotumia. Angezipata wapi? Kwenye uji na tambi za futari? Lililonisikitisha zaidi ni kwamba, kabla hajaja kwangu, alikuwa ameshaacha kula daku kwa sababu ya namba ile. Alikuwa anafunga saa 24 kasoro kikombe cha chai, kwa kutii kifaa ambacho hakikuwa kimepima mafuta yake hata kidogo.

Natilia mkazo maneno hayo: hakikuwa kimepima. Mizani hii inapima vitu viwili tu. Inapima uzito, kwa vihisi vilivyomo kwenye pembe zake nne, na hiyo inaifanya vizuri sana ikiwa imewekwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Na inapima ukinzani, yaani jinsi mwili unavyoukaidi mkondo wa umeme. Vile vipande vinavyong'aa unavyovikanyaga hupitisha umeme mdogo mno, usiofikia milliampia moja, unaobadilisha mwelekeo wake kwa kawaida mizunguko 50,000 kwa sekunde, na ndiyo maana husikii chochote. Umeme huo hupanda kwa mguu mmoja, hupita nyonga, hushuka kwa mguu wa pili. Kifua haukifikii. Mikono haiufahamu. Kitambi, ambacho ndicho kinachotusumbua wengi wetu hapa, unakipitia pembezoni mwa chini tu.

Sasa, mafuta yanapatikanaje hapo? Misuli imejaa maji yenye chumvichumvi, na maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, huuzuia. Kutokana na ukinzani, programu hukisia una maji kiasi gani. Kutokana na maji, hukisia una kilo ngapi za mwili usio mafuta, kwa kuchukulia kwamba takribani asilimia 73 ya sehemu hiyo ni maji. Halafu huondoa jumla hiyo kwenye uzito wako, na kinachobaki hukiita mafuta. Mafuta, kwa hiyo, ni baki la hesabu, na kila kosa lililofanyika njiani hutupwa kwenye baki hilo.

Rudini kwa dada yangu wa Ramadhani. Jioni ya kufunga, mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji. Misuli iliyopungukiwa maji huukaidi umeme zaidi. Mizani ikasoma ukinzani umepanda, ikahitimisha kwamba misuli imepungua, na palipopungua misuli ikaweka mafuta. Hilo ndilo lililotokea, wala hakuna jingine. Alipopima tena asubuhi moja baada ya Idi, akiwa amekunywa maji ya kutosha siku iliyotangulia, mafuta yale yalikuwa yametoweka bila jasho.

Mtaniuliza: je, wanaotengeneza vifaa hivi walikosea kutaka kujua mafuta ya mwili? Hapana, hawakukosea, na hapa naomba niwape historia kidogo kwa sababu inafundisha. Mwaka 1942 daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Albert Behnke, pamoja na mwenzake, waliwachunguza wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na kimo yaliyotumika wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa kuwa wanene mno. Behnke akawapima ndani ya maji, kwa kanuni ileile ya Archimedes tuliyofundishwa sekondari, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, kama gramu 0.9 kwa kila mililita, na sehemu isiyo mafuta ni nzito zaidi, kama gramu 1.1. Wengi wa wale waliohesabiwa kuwa wanene walionekana kuwa wamejaa misuli. Uzito peke yake ulikuwa umewadhulumu. Tangu hapo wataalamu wakatafuta njia ya kujua kilichomo ndani ya uzito, na ni haki kabisa kuitafuta.

Tatizo ni kwamba mafuta ya mtu aliye hai hayapimwi moja kwa moja na kifaa chochote. Njia pekee ya moja kwa moja ni kuuchambua mwili wa marehemu kwa kemia, na hilo limefanyika kwa miili michache sana duniani. Beseni la maji la Behnke lilikuwa makadirio. Mashine ya eksirei inayoitwa DXA, iliyobuniwa kwa ajili ya mifupa na ambayo leo hutumiwa kama kipimo cha kulinganishia, nayo ni makadirio, ingawa ni makadirio mazuri zaidi. Njia ya umeme ilianza kwa uangalifu mkubwa: miaka ya 1960 daktari Mfaransa, Thomasset, aliwachoma watu sindano chini ya ngozi ili umeme usisumbuliwe na ngozi yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kijapani, Tanita, ilikuwa imeiweka teknolojia hiyo kwenye mizani ya kusimama. Sindano zikaondoka, nyayo zikachukua nafasi yake. Na nyayo, ndugu zangu, ni miongoni mwa sehemu zenye ngozi nene zaidi mwilini. Mwenye magaga kisiginoni, mwenye sugu za kutembea peku tangu utotoni, mwenye miguu mikavu ya msimu wa kipupwe, na yule aliyetoka kuoga maji moto sasa hivi, hao wote wanaipa mizani mguso tofauti, na mizani haina njia ya kujua kwamba kilichobadilika ni ngozi.

Niliomba mama mmoja kati yenu ajitolee kupanda mizani hapa mbele, nanyi mmeona wenyewe. Mara ya kwanza alisoma kilo 62.4 na mafuta asilimia 29.8. Nikampa pakiti mbili za unga wa sembe, kila moja kilo mbili, azikumbatie kifuani, apande tena. Mizani ikasoma kilo 66.4, na mafuta asilimia 32.6. Hebu tuhesabu kilo za mafuta: mwanzo 18.6, sasa karibu 21.65. Katika kilo nne za unga, zaidi ya kilo tatu zimeandikwa kuwa mafuta ya mama huyu! Kwa nini? Kwa sababu umeme ulipanda mguu huu ukashuka mguu ule, haukuugusa unga. Ukinzani ukabaki uleule, uzito ukaongezeka, na ziada ikaangukia kwenye baki. Vivyo hivyo hutokea kwa maji. Ukinywa nusu lita ukapanda mizani baada ya dakika tano, maji yale bado yako tumboni, hayajafika kwenye misuli ya miguu, na sehemu kubwa ya nusu kilo ile huandikwa kuwa mafuta. Fikirini hilo: maji matupu yanaandikwa kuwa mafuta.

Nimewaonyesha unga. Sasa niwaonyeshe jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko la unga, maana halionekani kwa macho. Mizani hii haiwezi kukuambia asilimia ya mafuta mpaka uiambie kwanza umri wako, kimo chako, na kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Mmewahi kujiuliza kwa nini? Kama kweli inaona mafuta, jinsia ya nini?

Mwaka 1991 watafiti wa Uholanzi, Deurenberg na wenzake, walichapisha hesabu iliyotokana na watu 1,229. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, ile tunayoiita BMI. Unazidisha kwa 1.2, unaongeza umri uliozidishwa kwa 0.23, unaondoa 5.4, na kama ni mwanamume unaondoa tena 10.8. Jibu ni asilimia ya mafuta. Hakuna umeme hata chembe. Mwanamke wa miaka 40, kimo sentimita 160, kilo 70: jibu ni karibu asilimia 37. Mbadilishe jinsia kwenye karatasi, usiguse kingine chochote, na mtu huyohuyo anakuwa na asilimia 26. Hesabu hii si mbaya kwa kundi kubwa la watu; ubaya wake ni kwamba haimjui huyu aliyesimama mbele yako. Sisemi kwamba mizani yetu inatumia hesabu hiyohiyo, kwa kuwa kila kampuni huificha ya kwake. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya jibu unaloliona kwenye simu ni taarifa ulizoziandika mwenyewe siku ya kwanza, zimezungushwa na kurudishwa kwako zikiwa na nukta ya desimali. Nendeni kwenye programu, badilisheni umri, au chagueni kile kipengele cha mwanariadha, mpande tena baada ya dakika moja. Mwili haujabadilika, lakini mtaona namba inavyohama.

Na hizo hesabu zilizofichwa, zilitengenezwa kwa miili ya akina nani? Swali hili naliuliza bila kumlaumu mtu, lakini lazima liulizwe. Nyingi zilijengwa kwa kuwapima watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Utafiti uliofanyika Marekani tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba kwa wastani watu weusi wana mifupa yenye madini mengi zaidi, na sehemu yao isiyo mafuta ni nzito kuliko ile gramu 1.1 inayochukuliwa kuwa ya kila mtu. Kuna na suala la miguu. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake: umeme wa mwenye miguu mirefu unasafiri njia ndefu zaidi, unakutana na ukinzani mkubwa zaidi, na mizani inamwandikia mafuta ambayo hana. Kijana wetu mmoja, mkimbiaji wa kilomita 21, miguu kama ya korongo na tumbo bapa kama ubao, alipewa asilimia 22 na mizani hii. Alikaa kimya siku mbili. Nilimwita nikamweleza haya ninayowaeleza nyinyi.

Nchini Ufaransa, mwaka 2021, yalichapishwa matokeo ya kulinganisha mizani janja tatu zilizokuwa sokoni na mashine ya DXA, kwa watu 53. Kwa uzito, mizani zote tatu zilikuwa karibu kabisa na ukweli. Kwa mafuta, kosa la kati lilikuwa kilo 2.2 kwa mizani moja, 4.4 kwa nyingine, na 3.7 kwa ya tatu, zote zikisoma pungufu. Na hilo ni kosa la kati, maana yake nusu ya watu walikosewa zaidi ya hapo, na nusu nyingine chini ya hapo au kwa upande mwingine. Mtu aliyepunguza kilo tatu za mafuta kwa jasho la miezi mitatu anaweza kumezwa mzima ndani ya kosa hilo asionekane.

Hapa ndipo ninapowarudisha sokoni. Muuza nyama akikupunja, kuna Wakala wa Vipimo. Mizani yake hukaguliwa, huwekewa jiwe la kilo moja, na isiposoma kilo moja inatolewa kasoro. Uzito una jiwe lake. Asilimia ya mafuta haina jiwe. Hakuna kitu unachoweza kukiweka juu ya kioo kile ukasema, hii ni asilimia 25 halisi, hebu tuone unasemaje. Je, tutoe zawadi ya fedha za wanachama kwa kipimo kisicho na jiwe? Na tukishaitoa, tutawafundisha nini vijana wetu? Mshindani mjanja hahitaji kukimbia hata kilomita moja. Siku ya kwanza atapima jioni, amekaa na kiu mchana kutwa. Siku ya mwisho atapima asubuhi, nyayo zimelainishwa kwa maji, mwili umeshiba maji ya siku iliyopita. Atashinda kihalali kwa kanuni tulizoandika wenyewe, na mama anayeamka saa kumi na moja kila Jumamosi kukimbia nasi atashindwa.

Kwa upande wa matumizi ya nyumbani, siwaambii mtupe mizani zenu. Panda asubuhi, baada ya haja ndogo, kabla ya kula na kunywa, peku, kwenye sakafu ngumu, mizani ileile. Chukua wastani wa wiki, ulinganishe na wastani wa wiki za miezi miwili au mitatu nyuma. Uamini uzito. Asilimia ya mafuta itazame kwa mbali, na usiilinganishe kamwe na ya jirani au na ya mizani nyingine. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiipande kabisa, kwa sababu ya ule umeme, na watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo. Na mama mjamzito aiache sehemu ya mafuta, kwani hesabu zake hazikumfikiria.

Kama mnataka kujua mafuta yale yenye hatari zaidi, yale ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo na kuvuta kisukari na shinikizo la damu, nimekuja na uzi. Huu hapa. Simama wima, mwenzako apime uzi kutoka kisigino hadi utosini, aukate. Ukunje katikati. Uuzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijavuka nusu ya kimo chako. Zisipokutana, kimevuka, na tuna kazi ya kufanya. Kanuni hiyo ya nusu ya kimo ndiyo Uingereza iliyoanza kuipendekeza kwa watu wazima katika miongozo yake ya afya mwaka 2022. Uzi huo haujali kama umekunywa maji, haujali magaga, wala hauulizi jinsia yako.

Ndugu Mwenyekiti, naomba ajenda ya nne irekebishwe isomeke hivi: zawadi itolewe kwa kuangalia mahudhurio ya wiki 12, muda wa kukimbia au kutembea kilomita tano mwanzoni na mwishoni, na sentimita za kiuno zilizopimwa kwa futikamba na wapimaji wawili kila mmoja kwa wakati wake, wastani wao ndio uandikwe. Mizani ibaki pale kwenye kona kwa ajili ya uzito, na kile kipande cha programu kinachoonyesha mafuta kisisomwe hadharani kwa sauti kwa mwanachama yeyote.

Meza ya uzi na futikamba iko upande wa kulia wa ukumbi, akina mama watapimwa nyuma ya pazia na muuguzi wetu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.